Maneno ya ordinatere nyumbani: kazi ya kitu kwanza, jina baadaye

Utangulizi

Mama mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi. Alipopata ordinatere yake ya kwanza, jioni moja alinunua forfe ya giga moja, akaunganisha mashine na simu yake, akaandika barua pepe mbili, kisha akaenda kulala bila kuzima kitu. Asubuhi forfe ilikuwa imekwisha. Akanipigia simu: "Mwanangu, baliniibia mega usiku!"

Hakuna mwizi aliyeingia. Usiku huo mashine ilikuwa ikijiletea matoleo mapya ya programu zake, jambo ambalo ordinatere nyingi hulifanya zenyewe zikiona intaneti. Lakini nilipojaribu kumweleza, nilikwama. Nilisema "mise à jour", naye akaniuliza: "Sasa hiyo ni nini?" Sikuwa na jibu zuri. Mimi ninayesoma lugha za Kiafrika nilikuwa nikirudia maneno ya Kifaransa ambayo sijawahi kuyachunguza.

Kiswahili kina neno kwa jambo hilo: kusasisha. Mwanafunzi wa mofolojia ataona mara moja jinsi lilivyoundwa: sasa, pamoja na kiambishi cha kusababisha. Kusasisha kitu ni kukifanya kiwe cha sasa. Nilipomwambia mama mdogo hivyo, alielewa. Lakini neno hilo peke yake halikumsaidia kuokoa mega zake, kwa sababu kwenye skrini yake halimo. Skrini yake inasema Kifaransa.

Makala hii inaeleza maneno machache ambayo mtu anayeanza kutumia ordinatere nyumbani hukutana nayo kila siku. Sikuchagua maneno magumu. Nimechagua yale ambayo kuyakosea kunagharimu pesa, kazi au siri za mtu. Wazo langu ni hili: neno la ordinatere halieleweki kwa kutafsiriwa tu. Linaeleweka mtu akijua kwanza kazi ya kitu chenyewe, halafu akajua kitu hicho kinaitwaje kwenye skrini na kwa muuzaji.

1. Majina matatu ya mashine moja

Hapa kwetu mashine hii huitwa ordinatere, au mashini tu. Vitabu vya Tanzania vinasema kompyuta, na Kenya utasoma pia tarakilishi. Kila jina lilimulika upande mmoja wa kitu. Kompyuta linatoka katika Kiingereza, ambako zamani neno hilo lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu. Tarakilishi limeunganisha tarakimu na akili. Ordinatere lina historia inayogusa kitivo kama chetu: mwaka 1955, kampuni ya IBM ya Ufaransa ilitaka jina la Kifaransa kwa mashine zake mpya, ikamwomba ushauri Jacques Perret, profesa wa Kilatini huko Sorbonne. Yeye akapendekeza "ordinateur", neno la zamani lililokuwa likisemwa juu ya Mungu anayeweka mpango duniani.

Kwa hiyo Waingereza waliona hesabu, Wafaransa wakaona mpango. Yote mawili ni kweli. Ndani ya mashine kila kitu ni tarakimu, ikiwa ni barua, picha au wimbo. Na programu ndiyo orodha ya maagizo inayopanga tarakimu hizo zifanyiwe nini. Katika makala hii nitatumia ordinatere na kompyuta bila kubagua.

2. "Mémoire" mbili

Mtu akienda kununua ordinatere iliyotumika, muuzaji humwambia: "Hii ina mémoire ya mia tano." Mwingine anasema: "Yangu ina mémoire ya nne." Mnunuzi akilinganisha 500 na 4, ataona ya kwanza ni kubwa sana. Kumbe wauzaji hawasemi juu ya kitu kimoja.

Ordinatere ina mahali pawili pa kuweka vitu. Pa kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo Wafaransa huiita "mémoire vive". Ni kama meza unayofanyia kazi: daftari ulilolifungua liko pale, kalamu iko pale, unaona yote kwa haraka. Meza ikiwa ndogo, vitu vinabanana na kazi inakwenda polepole. Pa pili ni diski, ambayo ni kama kabati. Ni kubwa zaidi, lakini kukitoa kitu kabatini na kukileta mezani kunachukua muda. Muuzaji wa kwanza alisema giga 500 za kabati. Wa pili alisema giga 4 za meza. Mnunuzi mwenye busara atauliza zote mbili.

Tofauti moja haimo katika mfano wa meza, nayo ndiyo hatari zaidi: umeme ukikatika, kilichokuwa katika kumbukumbu ya kazi kinapotea. Meza inafutwa. Kabati linabaki na vyake. Mwenzangu wa darasa aliandika kurasa kumi na moja za TFC yake katika mashine ya mezani, isiyo na betri, bila kubonyeza "Enregistrer" hata mara moja. Umeme ukaenda. Uliporudi, hakukuwa na ukurasa hata mmoja. Alikuwa akiona maneno yake kwenye skrini, akadhani kuonekana ni kuhifadhiwa.

Hapo Kiswahili kinamsaidia mtumiaji kuliko Kifaransa. "Enregistrer" humfanya mtu afikirie kuandikisha jina ofisini au kurekodi sauti. Kuhifadhi kunasema jambo lenyewe: kuweka kitu mahali salama kisipotee. Na pale unapoona "Enregistrer sous", mashine inakuuliza mambo mawili: nihifadhi kwa jina gani, na katika folda gani? Watu wengi "wanaopoteza" faili hawakuipoteza. Walijibu maswali hayo bila kuyasoma.

3. Mega na giga

Neno mega limeingia vizuri katika Kiswahili chetu: "nipe mega", "mega zimekwisha". Lakini mega si kitu; ni kipimo tu, maana yake milioni. Giga ni bilioni, kilo ni elfu. Mega bila kusema mega ya nini ni sawa na kusema "nipe milioni".

Kipimo kidogo kabisa ni biti: jibu moja la ndiyo au hapana, ambalo mashine huliandika 1 au 0. Neno hilo lilianza kuchapishwa mwaka 1948, katika makala ya Claude Shannon, ambaye mwenyewe alisema limependekezwa na John Tukey. Biti nane hufanya baiti moja, na Wafaransa huiita okteti kwa sababu ya nane hiyo. Ndiyo maana kwenye mashine zetu tunaona alama "Mo" na "Go", na kwenye maandishi ya Kiingereza "MB" na "GB". Mo na MB ni kitu kimoja. Lakini "Mb" yenye b ndogo ni biti, yaani mara nane pungufu. Ukubwa wa faili na wa forfe hupimwa kwa okteti; mwendo wa intaneti hupimwa kwa biti kwa sekunde. Ukiahidiwa mwendo wa megabiti 8, faili ya mega 100 haitafika kwa sekunde kumi na mbili au kumi na tatu. Itachukua sekunde 100, ikiwa mwendo ulioahidiwa ni wa kweli.

Tuone vipimo hivi kwa vitu tunavyovijua. Katika maandishi matupu, herufi moja ya Kiswahili huchukua okteti moja. Ukurasa wenye herufi 2.000 ni kilo 2. TFC ya kurasa 50, maandishi peke yake, ni kilo 100. Picha moja ya simu yenye mega 3 ina uzito wa TFC thelathini za namna hiyo. Na video inayokuja kwa megabiti 2,5 kila sekunde inakula mega 1.125 kwa saa moja, yaani zaidi ya giga. Kwa hiyo si kusoma na kuandika kunakomaliza forfe. Ni video, picha, na kusasisha.

Hapa ndipo nilipomwonyesha mama mdogo dawa ya mwizi wake. Katika Windows, ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, kuna mahali pameandikwa "Connexion limitée". Yeye alikuwa ameshapaona, akapaogopa. Alidhani akibonyeza pale intaneti yake itakuwa mbovu. Kumbe maneno hayo yanaiambia mashine hivi: intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, usile ovyo. Ukibonyeza, mashine huahirisha sehemu kubwa ya masasisho hadi utakapopata intaneti nyingine. Lakini usiahirishe daima, maana masasisho mengi huziba matundu ambayo wahalifu hupitia.

4. "Hakuna rezo"

Kiswahili sanifu kina neno mtandao, kutoka kitenzi kutandaa. Ni neno zuri, lakini limebebeshwa mizigo mingi: mtandao wa simu, mtandao wa Wi-Fi nyumbani, intaneti, hata mitandao ya kijamii. Rezo letu limebeba mizigo hiyo hiyo. Ndiyo sababu mtu akisema "hakuna rezo", fundi hajui aanzie wapi. Tutofautishe.

Wi-Fi ni njia fupi ya redio kati ya mashine yako na kisanduku kilicho karibu, au simu yako unapoitumia kugawa intaneti. Haitoki nje ya kiwanja. Intaneti ni muungano wa mitandao mingi ya dunia iliyokubaliana kuzungumza kwa kanuni moja. Mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET ulihamia kanuni hiyo tarehe 1 Januari 1983. Muungano huo una mwili: nyaya, minara, na kebo zinazolala chini ya bahari. Kebo ya WACS, kwa mfano, inapita Atlantiki na kufika nchini kwetu huko Muanda. Wavuti ni jambo la tatu: kurasa zilizounganishwa kwa viungo, zinazosafiri juu ya intaneti. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva. Barua pepe ni kongwe kuliko wavuti. Ray Tomlinson alituma ya kwanza kati ya mashine mbili za mtandao mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @. Kwa hiyo intaneti ni barabara, na wavuti ni moja tu ya magari yapitayo juu yake.

Wakongomani tulipewa somo la tofauti hizi bila kuliomba. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku ishirini. Siku hizo alama ya Wi-Fi iliweza kujaa kwenye skrini, na bado hakuna ukurasa uliofunguka: njia fupi ilikuwa nzima, barabara kuu imefungwa. Barua iliyohifadhiwa katika diski iliendelea kufunguka, kwa sababu haikuhitaji barabara. Barua iliyohifadhiwa katika mashine za mbali, katika lile linaloitwa wingu, haikufunguka, kwa sababu wingu si angani. Ni diski ya mtu mwingine, mwisho wa barabara.

Hivyo mtu akipatwa na "hakuna rezo" ajiulize kwa utaratibu. Je, mashine yangu imeshika Wi-Fi? Kama imeshika, je, forfe ipo na simu inapata intaneti? Kama inapata, je, ni ukurasa huu mmoja tu unaokataa? Kila swali lina tiba yake, na tiba ya moja haiponyi lingine.

5. Kupakia na kupakua

Hapa ndipo ninapoona Kiswahili kimeshinda. Kifaransa kimezoea kusema "télécharger" kwa pande zote mbili, kuleta faili kwako na kuipeleka mbali, ingawa Wakanada wa Québec wana "téléverser" kwa kupeleka. Lubumbashi tumeliazima neno hilo tukalivika ku-: kutelesharje. Tumeazima pamoja na utata wake. Mtu anayetaka kutuma CV yake kwenye ukurasa wa kazi anakuta kitufe "Télécharger le fichier", anasita: napewa au natoa?

Kiswahili kina jozi: kupakia na kupakua. Ni jozi ya kawaida ya lugha yetu, kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Kiambishi -u- kinageuza tendo. Unapakia mzigo katika lori huko Kasumbalesa, unaupakua ukifika. Chakula pia hupakuliwa, kutoka chunguni kuja katika sahani yako. Kupakua ni kuleta kwangu. Kupakia ni kupeleka kule. Vyote viwili hula forfe. Mtu anayetuma video kwa kikundi cha familia analipa kwa kuipakia, na kila mmoja wa kikundi analipa kwa kuipakua.

Mfano wa lori una mpaka wake pia. Mzigo ukipakuliwa, lori linabaki tupu. Faili ikipakuliwa, kule ilikotoka inabaki vilevile. Unachopata ni nakala. Na picha uliyopakia, hata ukiifuta katika mashine yako, kule bado ipo, na huenda wengine wameshachukua nakala zao. Nimeona watu wakifuta picha katika simu zao wakidhani wameifuta duniani. Kabla ya kupakia picha ya mtoto au ya kitambulisho, hilo ndilo la kukumbuka.

6. Kivinjari, injini ya kutafuta, anwani

Kuvinjari ni kuzunguka huku na huku ukiangalia. Kivinjari, basi, ni chombo cha kuzungukia wavuti: Firefox na Chrome ni vivinjari. Google ya kutafutia ni kitu kingine: ni ukurasa ndani ya wavuti unaokusaidia kupata kurasa nyingine, nao huitwa injini ya kutafuta. Kivinjari kimo katika mashine yako. Injini ya kutafuta iko mbali.

Kwa nini tofauti hii ina maana? Kwa sababu ya anwani. Ukiandika anwani kamili juu ya kivinjari, unakwenda moja kwa moja. Ukiandika jina tu, injini inakupa orodha, na katika orodha hiyo huweza kuwamo mwigaji aliyetengeneza ukurasa unaofanana na ule wa benki yako. Basi soma anwani, hasa mwisho wa jina kabla ya mkwaju wa kwanza. Herufi za .cd ni za Kongo. Zilianza mwaka 1997, baada ya nchi kuacha jina la Zaire na herufi zake.zr. Lakini .cd si cheti cha uaminifu. Inasema tu jina limeandikishwa chini ya nchi gani.

Tofauti hii inagusa pesa pia. Forfe zinazouzwa kwa Facebook au WhatsApp peke yake si intaneti nzima. Mwenye forfe hiyo akibonyeza kiungo kinachotoka nje, ukurasa hufunga, naye husema tena: "hakuna rezo". Rezo ipo. Hakununua barabara yote.

7. Neno la siri na virusi

Kifaransa husema "mot de passe", neno la kupitia mlangoni. Kiswahili husema neno la siri, na hapo kinatoa onyo pamoja na jina. Hata hivyo mama mdogo alikuwa amempa fundi neno lake la siri la barua pepe, ili "amfungulie". Fundi huhitaji mashine. Mara chache sana huhitaji barua zako. Anayeshika neno la siri la barua pepe anaweza kuomba mabadiliko ya maneno mengine yote, kwa sababu uthibitisho hutumwa humo humo. Likishajulikana, libadilishe siku hiyo hiyo.

Virusi si ugonjwa wa chuma. Ni programu, orodha ya maagizo kama programu nyingine, ila mwandishi wake anataka ijinakili na kudhuru. Kwetu njia yake ya kawaida ni flashi inayozunguka kati ya maduka ya fotokopi na mashine za wanafunzi. Kupangusa mashine hakuiondoi, na kuilaza bila kutumia hakuiponyi. Programu ya kukinga virusi huitambua kwa kulinganisha na zile inazozijua. Isiposasishwa, haizijui za leo. Tumerudi pale tulipoanzia.

Mwisho

Kazi ya kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mashine hizi haikuanza leo. Mwaka 2004 wataalamu wa Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, na maneno mengi ya makala hii yanapatikana katika kazi za namna hiyo. Lakini kwetu Kongo mtumiaji ana skrini ya Kifaransa, muuzaji wa Kiswahili cha mji, na kitabu cha Kiswahili sanifu. Akipewa kimoja tu kati ya hivyo vitatu, anapotea katika viwili.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa wenzangu watakaofundisha, au watakaoulizwa na wazazi wao nyumbani: tueleze kwanza kazi ya kitu, kwa mfano ulio karibu, tuseme mfano huo unaishia wapi, halafu tutoe majina yote, la skrini, la dukani na la kitabuni. Pale ambapo watu wameshapata neno lao, kama mega, tusiwanyang'anye. Tuwaongezee "mega ya nini?" Na pale Kiswahili kinapopambanua ambapo Kifaransa kinachanganya, kama kupakia na kupakua, tukitumie bila aibu.

Mama mdogo ameshabonyeza "Connexion limitée". Sasa anasasisha mashine yake shuleni, siku ya Jumamosi, ambako intaneti hailipiwi kwa giga. Juzi alinieleza mwenyewe jinsi alivyomfundisha jirani yake: "Nilimuambia, mashini ikilala na mega, inakula. Uizime, ao uikataze."